Watani wa Atlantiki: Mambo Kumi Ambayo Mwingereza na Mmarekani Hawaachi Kusutana

Mpare na Mchagga wakikutana ndani ya basi la Moshi, abiria wengine hukaa mkao wa kusikiliza. Mmoja atasimangwa kwa ubahili, mwingine ataambiwa hata akifa atafufuka akisikia sarafu imedondoka. Hakuna anayeshuka na kinyongo, maana utani una masharti yake, na sharti la kwanza ni kwamba humtanii usiyemjua.

Kwa kipimo hicho, Mwingereza na Mmarekani ni watani haswa. Walikuwa nyumba moja hadi 1776. Waligombana, wakarudiana vitani mwaka 1812, na Agosti 1814 askari wa Uingereza wakaichoma moto Ikulu ya Washington. Baada ya hapo wakawa watu wa kuzikana. Ila kila mmoja ametunza maneno ya kumsimanga mwenzake, na mimi nayapenda maneno hayo kwa sababu moja: ukilifuata neno moja hadi lilikotoka, unakuta sheria, au waya wa umeme, au vita. Basi tuhesabu kutoka juu kwenda chini, jepesi kwanza, zito mwisho.

10. "Uingereza mvua haikatiki"

Mmarekani wa New York akifunga safari ya London, mwavuli ndio wa kwanza kuingia kwenye begi. Auache nyumbani ukapumzike! New York hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, London hupata kama 600. Anayecheka amelowa mara mbili ya anayechekwa. Tofauti ni kwamba mvua ya New York hushuka kama masika yetu, inamwaga, inaondoka. Ya London ni rasharasha isiyoaga, na mawingu yanabaki hata isiponyesha.

Nao Waingereza wakipata jua hawajui walifanyie nini. Tarehe 19 Julai 2022 joto lilifika nyuzi 40.3 kule Coningsby, nchi nzima ikababaika, treni zikapunguzwa mwendo kwa hofu ya reli kupinda. Mtu wa Arizona angesema hiyo ni Jumanne ya kawaida. Lakini mtu wa Arizona ana kiyoyozi, na nyumba ya Mwingereza ilijengwa ili joto lisitoke.

9. "Mmarekani bado anapima kwa inchi"

Hili Waingereza hulisema kwa raha sana, na wana ushahidi wa kutisha. Septemba 1999 chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya pauni huku nyingine ikisubiri vipimo vya metriki. Safari ya miezi tisa angani, wakakwama kwenye kugeuza vipimo!

Ila nyani haoni kundule. Mwingereza hununua petroli kwa lita, kisha huendesha kwa maili. Lebo ya maziwa ya dukani ina lita, bia ya baa ina painti. Muulize uzito wake, atakutajia mawe: jiwe moja ni pauni 14, yaani kilo 6.35. Mmarekani amekosea njia moja na kuishikilia. Mwingereza amesimama njia panda akiwaelekeza wengine.

8. "Mwingereza akiona watu wawili, anapanga foleni nyuma yao"

Kweli tupu, na hawana haja ya kuionea aibu. Septemba 2022, mwili wa Malkia Elizabeth wa Pili ulipolazwa Westminster Hall, watu kama 250,000 walipanga foleni kando ya mto Thames. Njia yenyewe ilipimwa maili 10 hivi. Kila mtu alifungwa utepe wenye namba mkononi, akienda msalani akirudi nafasi yake ipo. Kuna waliosubiri saa 24. David Beckham alipanga kama wenzake, zaidi ya saa 12, na alipofika mbele ya jeneza machozi yalimlengalenga.

Nchi ambayo nahodha wake wa zamani wa timu ya taifa anakaa foleni usiku na mchana bila kupiga simu kwa mkubwa fulani, mimi naivulia kofia.

7. "Mmarekani hajui kupumzika"

Sheria ya Uingereza humpa mfanyakazi wa muda wote siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Sheria ya serikali kuu ya Marekani humpa sifuri. Likizo ya Mmarekani hutegemea moyo wa mwajiri. Akijifungua, sheria ya 1993 humhakikishia wiki 12 tu, zisizo na malipo, na si kila mfanyakazi anaingia humo. Mwingereza anaweza kukaa hadi wiki 52, nyingi zikiwa na malipo.

Kwa hiyo Mmarekani anapomwita Mwingereza mvivu, anamwonea wivu bila kujijua. Hapa sina utani zaidi. Mama mchanga anastahili kukaa na mwanawe, Texas kama Tabora.

6. "Mtu mbaya lazima aongee Kiingereza cha London"

Hili limetuingia hata sisi bila kubisha hodi. Filamu ya *The Lion King* ya 1994 imejaa majina yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Mfalme Mufasa ana sauti ya James Earl Jones, Mmarekani. Simba mkubwa ni Matthew Broderick, Mmarekani. Na yule ami mwovu, Scar? Jeremy Irons, mzaliwa wa Kisiwa cha Wight, Uingereza. Hata Zazu, yule ndege mtumishi mwenye kihoro, ni Rowan Atkinson, ambaye watoto wetu humjua kama Mister Bean. Yaani porini Afrika, Mmarekani ni mfalme, Mwingereza ni msaliti au tarishi!

Kwenye *Star Wars* ya 1977 ni yale yale: maofisa wengi wa dola dhalimu huongea kama majaji wa London, na sababu moja ni ya kawaida kabisa, kwamba filamu ilipigwa studio za Elstree karibu na London, waigizaji wa karibu wakaajiriwa. Sababu nyingine ni ya zamani zaidi. Taifa lililozaliwa kwa kumfukuza mfalme wa Kiingereza litaendelea kumwona kila linapotunga adui.

Kisasi cha Waingereza kimekuwa kitamu. Batman wa 2005 ni Christian Bale. Superman wa 2013 ni Henry Cavill. Abraham Lincoln wa 2012 ni Daniel Day-Lewis, akabeba na Oscar. Martin Luther King wa *Selma* ni David Oyelowo, Harriet Tubman wa 2019 ni Cynthia Erivo, wote wazaliwa wa Uingereza wenye wazazi kutoka Nigeria. Na Idris Elba, mtoto wa Hackney, baba wa Sierra Leone na mama wa Ghana, alimcheza Stringer Bell wa Baltimore kwenye *The Wire* hadi Wamarekani wengi wakaapa ni wa mtaani kwao. Mmarekani amebaki na nini chake? Popcorn.

5. "Mwingereza ni mkono wa birika"

Mhudumu wa mgahawa Marekani akisikia lafudhi ya London, moyo humshuka. Mteja atakula, atashukuru mara saba, ataacha sarafu mbili. Ubahili? Ngoja kwanza.

Sheria ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijaguswa tangu 1991. Bakshishi zisipofikisha kima cha chini cha taifa, dola 7.25, mwajiri anatakiwa kujazia. Majimbo machache kama California yamekataa mpango huo na kutaka mshahara kamili. Kwingine, mteja ndiye mlipaji wa mshahara, na asilimia 15 hadi 20 juu ya bili ni kodi isiyoandikwa. Uingereza haina mshahara mdogo wa pekee kwa wahudumu, hivyo Mwingereza huona bakshishi kama shukrani, aitoe au asiitoe.

Mzizi wake unauma. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Wamarekani weusi waliotoka utumwani waliajiriwa kwa maelfu kuwahudumia abiria kwenye mabehewa ya kulala ya Pullman, kwa mshahara mdogo uliotegemea sarafu za abiria. Desturi ikakaa, ikawa sheria. Ndugu yako akienda New York, mwambie aache asilimia 20 na asinung'unike. Ugomvi wake ni na Bunge la Washington, yule dada aliyeleta sahani hana kosa.

4. "Chakula cha Mwingereza hakina ladha"

Neno hili lina tarehe ya kuzaliwa. Kati ya 1942 na 1945 zaidi ya Wamarekani milioni moja na nusu walipita Uingereza wakiwa askari. Walimkuta mwenyeji wao kwenye chakula cha mgao: nyama kidogo kwa wiki, sukari ya kupimwa, mayai ya unga wa kopo. Wakala, wakanuna, wakarudi kwao na habari kwamba Waingereza hawajui kupika. Ni sawa na kumhukumu mama kwa mboga aliyopika mwaka wa njaa.

Mgao wenyewe ulianza 1940 na nyama ikaachiwa huru Julai 1954, miaka tisa baada ya vita. Mwalimu Nyerere aliposoma Edinburgh, 1949 hadi 1952, aliikuta nyama na sukari bado zinapimwa. Samaki na chipsi havikuwahi kuwekewa mgao, serikali ilijua mahali pa kuogopa.

Jeshi la Marekani liliwapa askari wake kijitabu mwaka 1942 cha jinsi ya kuishi na Waingereza. Kiliwaonya wasijigambe kwa mishahara yao minono, wasiicheke lafudhi, na wakumbuke kwamba mwenyeji hajui kutengeneza kahawa kama wao wasivyojua chai. Mapatano ya haki.

Lakini kijitabu hakikuweza kufunga mdomo wa ubaguzi waliokuja nao. Mji mdogo wa Bamber Bridge, Lancashire, Juni 1943, wakuu wa jeshi la Marekani walitaka baa ziwatenge askari weusi. Wenyeji wakaweka mabango kwamba baa zao ni za askari weusi peke yao. Usiku wa tarehe 24 ugomvi na polisi wa jeshi ukageuka milio ya risasi, na askari mweusi William Crossland akauawa. Uingereza hiyohiyo wakati huo ilikuwa ikitutawala kwa ubaguzi wake, sisahau. Bado wale wauza bia wa Lancashire walipoambiwa wachague upande, walichagua vizuri.

3. "Mmarekani hajui chai"

Waingereza husema Mmarekani alipika chai mara moja tu, akaharibu: usiku wa 16 Desemba 1773, bandari ya Boston, makasha 342, maji ya baridi, chumvi nyingi, bila maziwa. Ile ilikuwa hasira dhidi ya kodi na dhidi ya upendeleo wa Kampuni ya India ya Mashariki, na zaidi ya tani 40 za majani zilikwenda na bahari. Hadi leo chai nyingi inayonywewa Marekani ni ya barafu. Ukiniuliza mimi, ile ya Boston ilikuwa nzuri zaidi, angalau ilileta uhuru.

Wachache hutazama ukutani. Umeme wa nyumba ya Mwingereza ni volti 230, soketi ya matundu matatu, ileile tunayoitumia Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Birika lake la umeme huvuta hadi wati 3,000 na lita moja huchemka kwa dakika mbili hivi. Soketi ya kawaida ya Mmarekani ni volti 120, birika lake huishia wati 1,500, na lita ileile huchukua karibu dakika nne. Ukisubiri dakika nne kila unapotaka kikombe, na wewe ungehamia kahawa.

Tarehe 4 Julai 1990 England ilicheza na Ujerumani Magharibi nusu fainali ya Kombe la Dunia, ikatolewa kwa mikwaju ya penati. Nchi nzima ikainuka kwenye viti, ikaenda jikoni, ikabonyeza birika. Matumizi ya umeme yaliruka kwa megawati 2,800. Bwawa letu la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo yote tisa, lina uwezo wa megawati 2,115. Yaani huzuni ya Waingereza usiku ule ilihitaji Rufiji nzima na ziada! Mafundi wa gridi yao huangalia ratiba ya televisheni, na ndani ya mlima mmoja wa Wales kuna kituo cha Dinorwig kilichofunguliwa 1984, chenye maji yanayosubiri juu yaachiwe kwa sekunde chache, vikombe vikidai.

Na majani je? Mengi hutoka Kenya, yakipitia mnada wa Mombasa. George Orwell alichapisha kanuni 11 za kikombe bora mwaka 1946, chai ikiwa bado kwenye mgao, na hakuna hata moja inayotaja tangawizi wala iliki. Watu wa Kericho wangemwongezea ya 12.

2. "Mwingereza hana hisia, Mmarekani hana kiasi"

Mkanyage Mwingereza mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Ameomba radhi sana hadi Bunge lao likaingilia: sheria ya 2006 ya England na Wales inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Mmarekani naye atakukumbatia kabla hamjajuana majina, na atakuambia umependeza hata ukitoka kulala.

Tazama kichekesho cha *The Office*. BBC ilikianza 2001, bosi asiyejitambua kwenye ofisi ya kuuza karatasi mji wa Slough, vipindi 14 ikamaliza. Wamarekani wakakichukua 2005, wakakihamishia Scranton, Pennsylvania, wakaenda hadi 2013 na vipindi 201. Msimu wa kwanza walimwiga yule bosi wa Slough, mkavu na wa kutia aibu, watazamaji hawakumpenda. Msimu wa pili wakamlainisha, wakampa moyo, na baadaye wakamwoza. Bosi wa Slough yeye alifukuzwa kazi. Mwingereza hucheka mtu akiporomoka. Mmarekani hucheka pia, ila lazima aone kamba ya kumvutia juu.

Sasa nenda Windsor, 19 Mei 2018, harusi ya Prince Harry na Meghan Markle. Akapanda Askofu Michael Curry, Mmarekani mweusi wa kwanza kuliongoza Kanisa la Episkopo la Marekani, na kishikwambi chake. Akamtaja Martin Luther King, akazitaja nyimbo za watumwa, akarusha mikono, akainua sauti chini ya dari la kanisa lililoanza kujengwa karne ya 15, akahubiri upendo kwa dakika kama 14. Kamera zikaona yote: huyu ameinama, huyu ameuma mdomo, yule ametumbua macho. Magazeti yakasema ndiyo hayo, Marekani imekutana na Uingereza.

Nami nasema walitazama nusu ya kanisa. Baada ya mahubiri ilisimama kwaya ya injili iitwayo Kingdom Choir, ikaimba hadi mawe ya kanisa yakalainika. Hao walikuwa watu wa London, Waingereza, wengi wao weusi. Anayesema Mwingereza hana hisia hakuwahesabu.

1. "Mmarekani hajui mpira"

Hapa Mwingereza husimama, hufunga vifungo vya koti, hukohoa. Mpira ni wake, sheria zake ziliandikwa London 1863. Mpe nafasi amalize. Kisha mtajie Belo Horizonte.

Tarehe 29 Juni 1950, Kombe la Dunia nchini Brazil, mara ya kwanza England kukubali kushiriki. Walikuja na Billy Wright, Tom Finney, Alf Ramsey. Marekani ilikuja na watu wa vibarua. Kipa Frank Borghi aliendesha gari la maiti kwenye biashara ya familia ya mazishi. Walter Bahr alikuwa mwalimu wa shule. Mshambuliaji Joe Gaetjens, mzaliwa wa Haiti, alikuwa akiosha vyombo kwenye mgahawa wa New York huku akisoma. Dakika ya 38 Bahr akapiga, Gaetjens akajirusha, akaugusa kwa kichwa. Moja bila. England walishambulia hadi kipenga cha mwisho na dereva wa gari la maiti akawazika.

Wakakutana tena 2010, Rustenburg, Afrika Kusini, mpira wa Clint Dempsey ukamponyoka kipa Robert Green, moja moja. Qatar 2022, bila bila. Katika mechi hizo tatu za Kombe la Dunia, England haikumshinda Mmarekani asiyejua mpira hata mara moja.

Wakasema basi, kriketi hawataiweza. Kumbe mechi ya kwanza ya kimataifa ya kriketi ilichezwa New York, 1844, Marekani na Kanada, Mwingereza akiwa nyumbani. Na Juni 2024, Dallas, Marekani ikaifunga Pakistan kwenye Kombe la Dunia la T20, mrushaji wa mwisho akiwa Saurabh Netravalkar, mhandisi wa kompyuta. Haki itendeke: wiki mbili na ushee baadaye England iliwapiga Wamarekani hao bila kupoteza hata wiketi moja. Hapo Mwingereza alilala usingizi mzuri.

Usingizi ulioisha Jumamosi iliyofuata ya ligi. Maana Manchester United imekuwa mikononi mwa ukoo wa Glazer tangu 2005, Liverpool ilinunuliwa na Wamarekani 2010, Arsenal ikawa ya Kroenke yote 2018, Chelsea ikachukuliwa na kundi la Todd Boehly 2022. Kibanda umiza cha Mwananyamala kikigawanyika pande nne kila wikendi, pande zote nne zinamshangilia bosi Mmarekani. Mwingereza amevumbua mchezo, ameandika sheria, ametoa refa, anachemsha chai wakati wa mapumziko, kisha anamlipia tiketi yule asiyejua mpira.